Daftari la Vilivyovunjika

Siku waliyonipa funguo za karakana ya vioo,
Marinha Grande, Februari, mvua ya rasharasha,
nilikuta mezani kwa Baltazar daftari lenye jalada la kijani.
Kila kinachovunjika huandikwa humo: tarehe, zamu, mkono wa nani.
Nikalifungua. Miezi kumi na minne ya kurasa nyeupe.
Hakuna hata kikombe.

Nilicheka peke yangu, maana miaka kumi na tisa
nimesimama mbele ya lile tanuri
nikimsikia Baltazar akinguruma, mishipa ya shingo ikimtoka,
na najua pipa la nyuma lilibebwa na watu wawili.
Daftari jepesi, pipa zito:
huo ndio urithi nilioachiwa.

Niliapa nitakuwa mtu mwingine.
Kiapo kilidumu hadi Alhamisi.

Alhamisi oda ya mitungi ya kwenda Lyon ilichelewa,
simu ya ofisini ikalia mara sita,
na Nelo, mwanagenzi wetu, miaka kumi na minane,
masikio mekundu kwa joto,
akautoa mtungi kwenye tanuri la kupozea kabla ya saa yake.
Ukalia tiki. Mlio mdogo, kama ukucha kwenye jino.
Ukapasuka toka ndani.
Nami nikafungua kinywa
na sauti iliyotoka haikuwa yangu.
Ilikuwa ya Baltazar, nzima nzima,
hata lile neno lake la kumalizia, la kumtaja mama.

Hakuna aliyekohoa.
Fernanda, aliyenifundisha kushika bomba,
aliinamisha macho kwenye viatu vyake.
Heri angenitukana.

Usiku sikulala. Niliwaza juu ya tanuri la pili,
lile lisilopigwa picha na watalii,
lenye kazi moja tu: kukipoza kioo polepole,
usiku kucha, digrii kwa digrii,
kwa sababu kioo kilichopozwa ghafla hubaki na ugomvi tumboni.
Utakiuza. Kitang'aa dirishani.
Siku moja mtu atakimiminia maji ya limau
na kitamlipukia mkononi, bila sababu anayoijua.
Nikahesabu ni wangapi tumewapoza hivyo.
Wengine wako majumbani, hawaji tena.
Mmoja ni mimi.

Ijumaa, kabla ya kahawa, niliweka daftari kwenye meza ya wote,
nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika mbele yao:
"Alhamisi. Zamu ya asubuhi. Mkono: Eulália.
Kilichovunjika: Nelo."
Mwandiko uliyumba. Nikaisukuma kalamu katikati.

Usidhani tulikumbatiana. Hapa si harusini.
Armindo alisema sukari ya kahawa imekwisha.
Fernanda alikwenda kuchochea moto.
Kalamu ikakaa pale Ijumaa, Jumatatu, Jumanne,
nami nikajifunza kazi ngumu kuliko kupuliza:
kupita kando ya kalamu bila kuitazama.

Jumatano jioni nilikuta mstari mmoja,
herufi kubwa za mtoto wa shule:
"Glasi tatu. Mimi. Bomba lilikuwa baridi, niliogopa kuuliza."
Hakuweka jina. Hapakuwa na haja.

Sasa ni Juni. Daftari limechafuka, lina madoa ya mafuta,
Fernanda ana kurasa mbili, mimi nina tatu.
Mkurugenzi alishuka kutoka ofisi ya juu, akalipekua, akakunja uso:
"Mbona siku hizi mnavunja sana?"
Nikamwomba atembee nami hadi nyuma,
ainue pipa.

Aliliinua kwa mkono mmoja.